Kipekal Jikoni kwa Mueni

Rafiki yangu Mueni ni mtu wa wivu, wala hajawahi kuuficha. Nikimsuka mtu mwingine kabla yake, ananuna wiki nzima. Anaendesha basi kusini magharibi mwa Stockholm, na abiria wake wa asubuhi wakipanda basi la mwenzake lililotangulia, anawaona kama watu waliomgeuka. Kwa hiyo aliponipigia simu mwezi wa nne mwaka jana akaniambia mumewe amepata mwanamke, sikushtuka sana. Kilichonishtua ni maneno yaliyofuata.

"Nyambura, si kitanda ninachokiogopa," alisema. "Ni maongezi."

Mumewe anaitwa Sahril. Ni mtu wa Ketahun, upande wa magharibi wa kisiwa cha Sumatra kule Indonesia. Alikuja Ulaya akipika kwenye meli za mizigo, siku moja akashuka Uswidi na hakupanda tena. Sasa ni mpishi wa shule. Walikutana na Mueni katika darasa la Kiswidi la wageni, wote wawili wakiwa wamekaa nyuma, wote wawili wakiogopa kuulizwa swali. Mueni hupenda kusimulia jinsi walivyogundua kwamba wana maneno yao tayari kabla mwalimu hajawapa mengine. Yeye alisema sabuni, Sahril akasema sabun. Alisema habari, Sahril akasema kabar. Dunia ilikuwa dunia kwa wote. Wakacheka mpaka mwalimu akawatenganisha, na baada ya mwaka mmoja wakaoana.

Ila lugha ya mama yake Sahril haikuwa ile aliyokuwa akimfundisha Mueni. Ile ilikuwa Kiindonesia, lugha ya shule na ya serikali, ambayo Sahril huiongea vizuri lakini kwa kunyooka, kama mtu aliyevaa shati jipya lenye kola ngumu. Lugha ya nyumbani kwao ni Kipekal. Ni lugha ndogo, ya vijiji vichache vilivyobanwa kati ya bahari na milima. Kaskazini yao wako Waminangkabau, watu wengi, wenye lugha inayofanana na yao. Milimani wako Warejang, ambao lugha yao ni tofauti zaidi, ila Wapekal wamechota maneno huko pia. Mueni alipomuuliza zamani ni wangapi Stockholm wanaoiongea, Sahril alijinyoshea kidole mwenyewe, kisha akaeleza hivyo hivyo kwa kidole kwamba hesabu imeisha.

Mueni alifurahi. Aliniambia waziwazi, "Mimi nimeolewa na mwanamume asiye na wa kupiga naye umbea mji mzima. Nani mwingine ana bahati hiyo?"

Kipekal kilisikika nyumbani kwao siku za Ijumaa tu, Sahril akimpigia mama yake. Alikuwa akisimama jikoni na simu begani, anakaanga pilipili, anacheka, anabisha, anaitikia. Mueni alikuwa akimsikiliza kutoka sebuleni na hakuona ubaya wowote. Kumwonea wivu mama mkwe aliye upande wa pili wa dunia kulikuwa kumemshinda hata yeye. Kisha mama huyo akafariki, majira ya baridi, na Kipekal kikanyamaza katika nyumba ile.

Ikapita kama miaka miwili. Jumamosi moja walikwenda kwenye soko la uwanjani hapo Skärholmen. Sahril alikuwa akichagua ndimu, akizihesabu kwa sauti ya chini, na unajua mtu huhesabu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mwanamke aliyekuwa kando yake, mwenye koti la ngozi na kitambaa chekundu kichwani, akageuka na kumwuliza kitu. Mueni anasema Sahril aliganda, ndimu mkononi. Kisha akajibu. Yule mama akacheka, akamrudia neno lake kwa namna nyingine kidogo. Sahril naye akacheka, akalirudia la kwake. Wakawa wanarushiana neno moja kama watoto wenye mpira, huyu analitamka hivi, yule vile, na watu wa nyuma wanangoja kulipa.

Mueni alisimama na mfuko wa vitunguu. Hakuna aliyemtambulisha mpaka vitunguu vikaanza kumuumiza bega.

Mwanamke yule anaitwa Yulinar. Ni Mminangkabau, anakaa Upplands Väsby, ni fundi wa kurekebisha nguo, na aliachana na mume wake Mswidi miaka kadhaa iliyopita. Lugha yake na ya Sahril ni majirani. Si moja, lakini mtu akienda taratibu wanafika pamoja. Walipoagana alimwita Sahril "Uda."

"Uda ni nini?" Mueni aliuliza wakiwa njiani kurudi.

"Kaka," Sahril alisema. "Ni heshima tu. Kwao kila mwanamume aliyekuzidi umri ni Uda."

Yangeishia hapo, kama si binti yao Isra. Isra ana miaka kumi na mitano, na ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi, ukimwuliza kwa Kiindonesia anakujibu kwa Kiswidi. Simu za Yulinar zilipoanza kuja, mara mbili tatu kwa wiki, msichana akaingiwa na udadisi akalitafuta lile neno mtandaoni. Akalitangaza mezani, mdomo umejaa wali: "Mama, hapa wanasema wanawake wa Kiminang huwaita hata waume zao Uda."

Sahril alikuwa kazini jioni hiyo, shule ilikuwa na sherehe. Mueni aliweka kijiko chini. Ndipo aliponipigia simu.

Nilimwambia asubiri, aongee na mume wake kama mtu mzima. Mueni hakusubiri wala hakuongea. Alianza kuwasikiliza. Sahril akipokea simu jikoni, Mueni anakumbuka ghafla kwamba kabati la jikoni linahitaji kufutwa. Hakuambulia neno. Alichoambulia ni sauti. Aliniambia mume wake ana sauti mbili, moja ya Kiswidi, ya chini, ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea, na nyingine hii, pana, inayopanda na kushuka, ya mtu mwenye vichekesho. "Nimeishi na ile ya kwanza miaka kumi na saba," alisema. "Mwenye vichekesho anaenda Väsby."

Siku moja aliweka simu yake nyuma ya ndoo ya mchele, ikiwa imefunguliwa kwenye programu ya kutafsiri. Kipekal hakimo humo, wala Kiminang hakimo, basi akachagua Kiindonesia akitumaini jamaa wa karibu atasaidia. Programu ilisikiliza kwa bidii ikamwandikia mambo ya ajabu. Alikuja nayo kwangu Husby kunionyesha. Ilikuwa imeandika kwamba mvua ya daraja imekula mama, na kwamba nazi inaomba ruhusa ya kulala.

"Hii nazi ni mimi?" Mueni aliniuliza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kochi langu, mwanamke mrefu mwenye mabega ya dereva, akaisoma tena ile sentensi kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikaacha kucheka. Nilimwona amekonda.

"Kama ni wapenzi nitajua la kufanya," alisema. "Nitapiga kelele, nitamfukuza, nitalia, basi. Lakini huyu mtu anarudi nyumbani, anapika, analala ubavuni kwangu, na bado kuna mahali anakwenda, na mlango uko mbele ya macho yangu, uko wazi, nami siwezi kuingia."

Jumamosi iliyofuata akavaa kitenge chake kizuri, akapaka midomo rangi, akapanda treni ya kaskazini mpaka Upplands Väsby. Kwa kuwa nilijua anakokwenda, nilimwahidi nitakwenda kwake Skärholmen nikamsaidie Isra kusukuma chapati, niwepo atakaporudi. Niliogopa atakavyorudi.

Kibanda cha Yulinar kiko ndani ya jengo la maduka. Mueni alimkuta amepiga magoti, pini mdomoni, anapima suruali ya mzee mmoja wa Kiswidi. Ikabidi mke aliyekuja na hasira zake akae kwenye kiti cha wateja, amngoje mzee avue na kuvaa. Mzee alipotoka Yulinar alitema pini mkononi.

"Nimekuwa nikikungoja, Uni," alisema kwa Kiswidi.

"Usiniite majina ya kwenu."

"Ni dada tu. Mke wa Uda ni Uni."

"Unaongea nini na mume wangu?"

Yulinar akavuta kiti cha pili akaketi karibu. "Mama yake," alisema. "Mara nyingi ni mama yake. Hukujua?"

Mueni alijua mama amekufa. Hakujua mengine. Yulinar akamweleza. Siku ya mazishi Sahril alikuwa kazini, na ilikuwa lazima watoto wa shule wale saa sita. Ndugu zake kule Ketahun walimpigia simu ya video mwili ulipokuwa ukitolewa nyumbani. Aliingia na simu kwenye chumba cha baridi wanakoweka chakula, akajifungia, akasimama katikati ya makreti ya maziwa akitazama mama yake anazikwa. Kaka yake alimwomba aseme neno la kumuaga mama kwa Kipekal, watu wote wasikie. Alipofungua mdomo mwenzake akagonga mlango akiuliza viazi viko wapi. Akamjibu viazi viko wapi. Alipoirudia simu, udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa.

"Lile neno ambalo hakulisema," Yulinar alisema, "ndilo analonisimulia. Kila mara kwa njia nyingine. Na Uni, nusu yake siielewi. Maneno yao ya milimani yananipita. Namwachia tu aendelee."

Mueni aliniambia baadaye kwamba angependelea kusikia wamebusiana.

"Na wewe?" alimwuliza. "Wewe unapata nini?"

Yulinar hakukwepa. "Sitakudanganya. Ananifurahisha. Mtu akiniita kwa lugha ya karibu na nyumbani, siku yangu inakuwa nyepesi. Asipopiga simu, naangalia simu. Hajawahi kuniambia neno la mapenzi. Angeniambia, sijui ningejibu nini. Bora usikie kwangu."

Mueni akasimama. Kwenye treni ya kurudi hakukaa, ingawa viti vilikuwepo.

Alipoingia mlangoni Skärholmen, mimi na Sahril tulikuwa jikoni, Isra amekwisha kukimbilia chumbani na chapati yake. Mueni hakuvua viatu. Kwa watu wa nchi hii, na kwa sisi tuliokaa hapa, ukimwona mtu anaingia ndani na viatu ujue kuna moto.

"Kwa nini hukuniambia habari ya chumba cha baridi?"

Sahril alizima jiko. Alielewa palepale alikotoka. Akasema kwa kile Kiswidi chake cha chini, "Nilikuambia mama yangu amekufa."

"Maneno matatu! Ulisimama hapo ulipo, ukasema maneno matatu, kesho yake ukaenda kazini!"

"Nilikuwa nayo hayo matatu. Ukanikumbatia, ukasema pole, ukanipikia uji. Hukukosea kitu, Mueni. Mimi ndiye niliyeishiwa. Kwa Kiswidi mama yangu ni mwanamke mzee aliyekufa. Wote wana mwanamke mzee aliyekufa."

"Mimi ni mke wako. Ningengoja. Ungetafuta maneno mwaka mzima ningengoja."

"Na ninyi?" Sahril alisema. Akainua mkono, na nikashtuka kuona ananielekezea mimi, mimi na unga wangu mikononi. "Ninyi wawili? Kila Jumamosi mnakaa hapa jikoni. Mueni anasema kwa lugha yake, wewe unamjibu kwa yako, mnapigana mapaja, mnalia kwa kucheka. Nikiuliza ni nini, mnasema si kitu, ni mambo ya nyumbani. Miaka mingapi? Ninakaa sebuleni na televisheni. Nimewahi kuja kufuta kabati?"

Ilikuwa kweli. Mueni ni Mkamba wa Kitui, mimi ni Mkikuyu. Yeye hunijulia hali kwa wĩ mũseo, nami hujibu ndĩ mwega, tukaendelea hivyo mpaka chai inapoa, kila mtu na Kibantu chake, na hatujawahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu aliyeko sebuleni anahesabu vicheko vyetu.

Ningependa kusema Mueni alilainika. Hakulainika. Wivu wake ulikuwa umeamshwa na sasa umeaibishwa pia, na huo ndio mbaya zaidi.

"Nyambura hana neno Uda," alisema. "Chagua."

Sahril akachukua simu mezani, akaandika ujumbe mfupi, akamwonyesha. Ulikuwa kwa Kiswidi, ili Mueni aweze kuusoma. Alimwambia Yulinar kwamba hatampigia tena, na asante. Kisha akawasha jiko akaendelea na mchuzi.

Basi Mueni akashinda. Kiangazi chote akawa na mume wake peke yake. Walikwenda kuogelea ziwani, walikuja kwangu Husby kuchoma nyama, na Sahril alikuwa mpole, anabeba mifuko, anawauliza watu hali zao. Lakini mimi nilimwona. Mueni naye alimwona, ingawa ilimchukua muda kukubali. Chumvi ilianza kuzidi kwenye chakula. Zile nyimbo alizokuwa akivumisha puani akikata vitunguu zilikoma. Isra alisema kwa Kiswidi, bila ubaya, kwamba baba amekuwa kama mpangaji.

Asubuhi moja mwezi wa tisa, Mueni alikuwa ametoka kwenda zamu, akarudi juu kuchukua koti. Akasikia sauti roshani. Ilikuwa ile sauti pana, ya kupanda na kushuka. Alijua, alijua kabisa kwamba hawakuachana. Akanyata hadi kwenye pazia ili amshike na simu mkononi.

Simu ilikuwa inachajiwa mezani, nyuma yake. Sahril alikuwa ameegemea chuma cha roshani, anaongea Kipekal na hewa. Alikuwa akiuliza kitu, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha anabisha, anacheka, anaitikia. Ndivyo alivyokuwa akiongea na mama yake Ijumaa. Sehemu ya mama aliiachia ukimya.

Mueni alirudi chini bila koti. Basi lilichelewa kuondoka siku hiyo, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea tangu aanze kazi.

Wakati wa mapumziko, kwenye kituo cha mwisho, alikaa peke yake ndani ya basi tupu akampigia Yulinar. Alinisimulia maongezi hayo neno kwa neno, maana alijivunia kwamba hakutukana.

"Ni mimi, mke wa Sahril. Mpigie simu."

"Alisema umekataa," Yulinar alijibu.

"Nilikataa. Sasa nasema mpigie. Lakini akupigie au umpigie nikiwa nyumbani, na asiende chumbani. Na usimwite lile neno."

"Nitamwitaje? Siwezi kumwita jina lake kavu hivyo. Kwetu ni utovu wa adabu."

Mueni akafikiri. Nje abiria wa kwanza alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na gari la mtoto.

"Mwite Baba Isra," alisema. "Kwetu ndiyo adabu."

Yulinar akajaribu kulitamka, akalikosea, akalirudia. "Uni," alisema, "unanichukia?"

"Kidogo," Mueni alisema. "Acha nifungue mlango wa abiria."

Ijumaa hiyo simu ikalia. Sahril alimtazama mkewe kwanza, hakuipokea mpaka Mueni alipomwashiria kwa kidevu. Walipoanza kuongea Mueni alivuta kiti akaketi palepale jikoni, mikono imekunjwa, kama askari. Kila walipocheka aliuliza, "Amesema nini?" na Sahril anasimama katikati ya sentensi anamtafsiria. Mara nyingi kichekesho kilikuwa kimekufa kilipofika kwa Kiswidi. Mueni alicheka hata hivyo, kwa kuchelewa na kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha siku moja Sahril alikata simu katikati ya maongezi, akageuka, akamweleza Mueni habari ya viazi. Alimweleza yeye mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswidi, Kiindonesia na Kiswahili cha jikoni, na pale lugha zote tatu zilipogoma akamaliza kwa Kipekal. Mueni hakusema kwamba amekwisha kuisikia.

Usidhani wivu umekwisha. Siku Yulinar alipokuja Skärholmen kula, Mueni alimpa sahani iliyopasuka ukingoni. Mimi nilikuwepo, na mezani tulikuwa majirani wawili wawili, Mkamba na Mkikuyu upande huu, Mpekal na Mminang upande ule, na kila kicheko upande mmoja kikatufanya wa upande wa pili tugeuke kuuliza. Sasa mimi na Mueni tunatafsiri. Inachosha sana.

Mwezi wa kumi na mbili familia yote inakwenda Ketahun, wakalione kaburi. Isra anajifunza salamu na anazitamka kama Mswidi. Mueni ameomba likizo ndefu, na wiki iliyopita nilimkuta amekasirika tayari. Sahril ana binamu huko, wanawake saba, wote waongeaji, na tangu wasikie anakuja wanamtumia ujumbe wa sauti asubuhi na jioni.

"Saba, Nyambura!" aliniambia, akikunja nguo kwa nguvu kwenye sanduku. "Watakaa naye kutwa nzima kwenye ngazi za nyumba wakimsimulia mambo. Na mimi nitakaa hapohapo katikati yao. Sitasogea. Waniambie neno moja moja."